Mpangaji wa Chumba cha Uani

Ngumi iligonga kiganja, kisha ikatulia kifuani. Jamaldini aliiona ishara ile kupitia upenyo wa ukuta, na roho ikamwuma. Aliyeifanya ni Zuleha, mkewe. Aliyefanyiwa ni Parsimei, mpangaji wao, naye Parsimei alicheka.

Kijana huyo wa Olasiti alizaliwa kiziwi. Alikuwa akisoma shule ya Wajerumani karibu na boma lao, na alizunguka Arusha nzima akitafuta chumba. Kila mwenye nyumba alimkatalia. Huyu moto ukiwaka atasikia nini? Mgeni akibisha hodi atamfungulia nani? Ni Zuleha aliyesema, "Mpe chumba cha uani, mume wangu. Nakuomba. Huyu atatufaa."

Atawafaa kwa lipi, Jamaldini hakuuliza. Yeye ni mhunzi. Bawaba zote za boma alizifua kwa mkono wake, na miaka yote alishinda kwenye fuawe akigonga chuma. Sasa kila akirudi jioni aliwakuta wawili hao jikoni, mikono inaruka kama kuku waliotishwa. Zuleha, ambaye zamani alitwanga huku akiimba, hakuimba tena.

Yeye mume alibakiziwa minong'ono. Akimwuliza mkewe jambo, anajibiwa kwa kichwa. Nyumba ilipoa tangu bubu yule aingie. Kila kitu kilipoa mwaka ule. Mwadhini aliadhini kivivu, mpaka mtu aone wenzake wanatawadha ndipo ajue swala imeingia. Masika nayo yalikuwa ya ajabu, radi za Meru zilimulika tu bila kunguruma.

Wivu ulimla. Zuleha akipakua ndizi, Jamaldini alipima kwa macho sahani ya nani imejaa zaidi. Akifua chuma, alikiona kichwa cha Parsimei juu ya fuawe, akazidisha nguvu.

Ijumaa moja alirudi mapema. Aliwakuta uani, Parsimei ameshika vidole vya Zuleha, anavikunja kimoja kimoja. Kisha ikaja ile ishara, ngumi kiganjani, mkono kifuani.

Uvumilivu ukamwishia. Aliingia chumba cha uani, akabeba ngozi ya kulalia, akaitupa barabarani. Kibao cha shule kikafuata, kikavunjika vipande viwili.

"Toka! Katafute chumba kwenu Olasiti!"

Parsimei hakuhitaji masikio kuelewa. Aliokota vipande vyake akasimama kando, macho kwa Zuleha.

"Na wewe!" Jamaldini alimgeukia mkewe. "Unampenda? Sema kwa mdomo, si kwa vidole!"

Zuleha alipanua kinywa. Mishipa ya shingo ilimsimama, machozi yakamchuruzika, midomo ikacheza, lakini hakutoa hata neno moja. Jamaldini alimsogelea kwa hasira. Kumbe hata saa hii mwanamke anamfanyia mchezo!

"Sema, nimekwambia!"

Mara Tunu, jirani wa nyumba ya tatu, akaingia mbio na unga mikononi. Nyuma yake ulikuja mtaa mzima, wanahema kama watu waliosikia ukunga, wote wamemkodolea macho Zuleha. Tunu aliziba masikio kwa viganja vyake vyeupe.

Zuleha akafumba kinywa. Akamshika mumewe ule mkono wa nyundo, akaukunja ngumi, akaugonga kiganjani mwake kama nyundo kwenye fuawe, kisha akaulaza kifuani pake, juu ya moyo.