Mgeni Hajala

"Mwambie sasa hivi, Dorcas! Unangoja nini?"

"Hajala huyo, Kuruthumu. Namwambiaje mtu hajala?"

"Kwani uji ndio utamzuia kulia?"

"Kwenu pwani mnaropoka tu. Kwetu mtu katoka safari, tumbo tupu, humtupii jambo kama lile. Ale kwanza."

"Basi mlishe upesi! Mji huu una midomo mingi kuliko nyumba. Atayasikia sokoni, halafu uone aibu yako."

Nduwayezu alikuwa bafuni kwa Dorcas, nyuma ya uzio wa mabati, kopo la maji mkononi, sabuni usoni. Hakuthubutu kuyamwaga yale maji.

Alikuwa na saa moja tu tangu ashuke Kasulu. Jana alivuka mpaka kutoka Burundi, akalala Kibondo karibu na stendi, alfajiri akadandia gari. Mwanafunzi mpya wa chuo cha ualimu, begi limejaa vyeti na nguo mbili. Kaka yake, Bazilio, bodaboda wa miaka minane hapa mjini, ndiye aliyemhangaikia nafasi, ndiye aliyeahidi kumpokea. Badala yake stendi alikuja jirani yake, huyu Dorcas, macho mekundu. Moshi wa kuni, alisema.

Sasa Nduwayezu alijua si moshi. Kwao Ruyigi ni hivyo hivyo: aliyetoka safari haambiwi msiba mpaka ale. Kuna mtu kafa. Na katika nchi hii yote alikuwa anamjua mtu mmoja tu.

Alijisuuza taratibu, akaamua jambo moja. Hatakula. Maadamu hajala, hakuna wa kufungua mdomo. Na maadamu hakuna aliyesema, kaka yake yu hai.

Uji ukaletwa, unafuka.

"Nimeshiba, dada."

"Umeshiba nini?"

"Nilikula Kibondo." Akajikaza. "Kaka yuko wapi?"

"Yuko uhamiaji, kuna karatasi anafuatilia. Atarudi jioni." Dorcas aliyasema yote kwa mkupuo, huku akilitazama sufuria. "Simu yake imekwisha chaji. Twende basi nikuoneshe mji, utasikia njaa huko njiani."

Wakatoka. Barabarani Nduwayezu alitazama upande ambao magari hutokea kwao Burundi, pikipiki ikaja kwa upande wa huku, Dorcas akamvuta shati, akamaka kwa Kiha. "Yampayinka! Usiniongezee, mwanangu!" Halafu akafumba mdomo, kama mtu aliyetoa siri.

Kwenye kijiwe cha bodaboda walikuwa wanabishana mpira. Walipoambiwa huyu ni mdogo wake Bazilio, mpira ukaisha. Mmoja akavua helmeti.

"Pole, mdogo wetu."

"Pole ya safari, anamaanisha," Dorcas akadakia.

Mji ulikuwa mzuri, hilo alilikubali hata kwa moyo ule. Vilima pande zote, udongo mwekundu, watu wanaopigiana kelele za salamu toka ng'ambo ya barabara, Kiha chao akikielewa kama aliyelelewa hapa tangu utotoni. Sokoni Dorcas alimsimamisha kwenye migebuka ya kukaanga, samaki wa ziwani. "Kipande kimoja." Hapana. Kwenye ndizi za kuchoma. Hapana. Kwenye maandazi mama muuzaji alimfungia manne bure, na bure ile ilimtisha kuliko yote. Akayaweka begini.

Kuruthumu, yule mwanamke wa pwani, walimkuta kwenye duka lake la vitenge. Akamkazia macho, akamsukumia sahani ya pilau.

"Kula, baba. Utupunguzie mzigo."

"Nimefunga, mama."

"Umefunga nini na wewe Mkatoliki?" Akamgeukia Dorcas, akaona machozi yake, naye akanyamaza. Kumnyamazisha Kuruthumu si kazi ndogo.

Ilipofika alasiri alishindwa kutembea kwa njaa. Wakapumzika kwenye ngazi za duka lililofungwa. Laini yake ya Burundi haikushika mtandao tangu mpakani, na Nduwayezu alishukuru. Juzi tu mama yao, anakohoa, alimsukuma mlangoni kwa mikono yote miwili. "Nenda. Kikohozi hiki nimezoeana nacho. Kaka yako atakutunza." Sasa mama akipiga na kuuliza mmefikaje, angemjibu nini? Nani wa kumwambia mwanamke yule kwamba mkubwa wake hayupo? Alizitunga sentensi, moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja iliyosimama.

Jua liliposhuka, Dorcas alimshika mkono kama mtoto. "Twende kwa kaka yako."

Aliviona kwa mbali: viti vya plastiki uani, wanaume wamekaa kimya, pikipiki zimepangwa kando ya ukuta, wanawake wamejifunga vitenge viunoni kuzunguka masufuria makubwa. Alisimama getini. Basi, ndiyo hivyo. Akaomba miguu yake impeleke hatua kumi tu.

Mlango ukafunguliwa, akatoka Bazilio.

Bazilio mwenyewe, mrefu vile vile, karatasi za uhamiaji zimechomoza mfukoni mwa shati. Nduwayezu alipiga kelele, akakimbia, akamrukia shingoni. Alicheka. Alicheka hadi akakaukiwa sauti. "Mzima! Nilidhani ni wewe! Kaka, siku nzima nilidhani ni wewe!"

Uani hakuna aliyecheka naye.

Bazilio alimkumbatia kwa nguvu, muda mrefu. Miaka minane, kila simu aliyompigia mdogo wake ilianza kwa swali lile lile: mama hajambo? Leo hakuuliza.

"Ingia ndani, mdogo wangu," alisema. "Ule kwanza."