Jicho la Ngiri

Siku wanyama wa bondeni walipocheza fainali na wanyama wa mlimani, Swala, mshambuliaji wa bondeni, hakumhofia beki yeyote. Alimhofia Ngiri, mtazamaji aliyepiga magoti pembeni mwa uwanja akitafuna majani, huku akiikodolea macho miguu ya Swala.

"Huyu katumwa kuniroga," aliwaza Swala.

Dakika ya themanini uvumilivu ukamwisha, akamwendea. "Unatafuta nini miguuni mwangu?"

"Goti," alijibu Ngiri. "Umechoka, ndugu yangu. Sasa ukitua, mguu unasimama wima kama mchi na goti linakimbilia ndani. Omba kutoka."

Ahaa, anataka nitoke ili tufungwe! Swala akamwambia, "Kama si mchawi, mtazame na Kongoni wa timu ya mlimani."

Ngiri akatazama. "Naye vilevile. Nalihofia goti lake."

Punde Kongoni akaruka kupiga kichwa, akatua kwa mguu mmoja, goti likapinda, akaanguka akilia.

"Mchawi! Mchawi!" uwanja mzima ukapiga kelele.

Swala akawa wa kwanza kumrukia Ngiri. Lakini alipotua mbele yake, aliliona goti lake mwenyewe likiyumba kuelekea ndani, na Ngiri wakati huo alikuwa amefumba macho kwa woga. Hakuna jicho lililokuwa likimroga.

"Kocha," Swala akaita, "mwingize Digidigi badala yangu."

Wengine walinong'ona kwamba Swala naye karogwa. Kongoni alitoka amebebwa. Yeye alitoka kwa miguu yake.