Sanduku Lisilo na Kifuniko

Hakuwa na nywele, hakuwa na gari, hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na cheti cha shule wala ndugu yeyote ofisini. Alikuwa na msumeno mdogo wa meza, na asubuhi ile alikuwa ameuinamia kama daktari anayesikiliza moyo.

Mafundi wenzake walimwita Unywele. Haikuwa kejeli ya upara. Kila alipounganisha mbao mbili alirudi nyuma, akakunja mikono, akauliza: "Nani ataingiza unywele hapo?"

Sasa alikuwa anatengeneza sanduku la kura. Chama cha maseremala kilikuwa kinachagua mwenyekiti, naye alikuwa mgombea. Mwenyekiti aliyekuwa kitini alishapata mnunuzi wa karakana yao ya pamoja, ile waliyoijenga kwa mikono yao wenyewe. Akirudi, karakana inakwenda. Kila mtu alilijua hilo. Kila mtu alijua pia kwamba ndani ya sanduku la zamani, lenye kufuli, kura zilikuwa na tabia ya kuzaana.

"Kwa hiyo hili halina kufuli," Unywele alimwambia shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa akimpigia kampeni. "Halina bawaba. Halina kifuniko. Lina tundu la kuingizia karatasi, basi."

"Na kuzitoa? Tutaziombea dua, shemeji?"

"Tutalikata kwa juu mbele ya watu wote, kama seremala yeyote anavyotenga kifuniko. Au umesahau kazi?"

Pembe za sanduku zilikuwa za meno: ubao huu unakatwa mapengo, ule nao unakatwa mapengo, kisha zinaumana. Unywele aliuegemeza kila ubao kwenye kipande cha kusukumia chenye kigingi kidogo, unene wake sawasawa na njia inayokatwa na diski ya msumeno. Unakata pengo, unalivisha kwenye kigingi, unakata linalofuata. Kusimulia ni rahisi. Kigingi kikikosewa kidogo tu, kosa linajilimbikiza, na jino la mwisho linakosa pa kukaa. Aliharibu vipande vya majaribio mpaka mkewe akaacha kununua kuni. Hatimaye alibandika ukanda wa karatasi ubavuni mwa kigingi, akakata upya, akagonga kwa kiganja. Pembe ikaingia taratibu, kama mtu anayeshusha pumzi.

Akamwita mkewe.

"Nzuri," mke alisema. "Na mlango wa choo unakungoja tangu mvua zilizopita."

"Pitisha kidole. Unasikia kiungo?"

"Nasikia njaa, baba. Njoo ule."

"Sema kweli, mama watoto. Unakisikia?"

Mke akapitisha kidole. Akapitisha tena, polepole. "Sisikii kitu," alisema, na mzee akageukia ukutani, akisingizia vumbi la mbao.

Siku ya uchaguzi, foleni ilikwenda kwa mwendo wa konokono, maana kila aliyepiga kura alibaki kupapasa pembe. Mwenyekiti alilizunguka sanduku kama paka anayezunguka kabati la nyama. Watu walitumbukiza karatasi huku wakimkonyeza Unywele. Shemeji alishaanza kugawa vyeo, na cha mweka hazina alijipa mwenyewe.

"Kata sasa, shemeji! Kata tuhesabu!"

Msumeno ukaletwa katikati ya ukumbi. Unywele akauwasha. Akaliweka sanduku mezani, akasukuma miwani, akatazama. Diski ilikuwa inakula unene wa jino zima la kiungo. Popote ambapo ingepita, kila pembe ingebaki na pengo.

Akauzima.

"Vipi tena?"

"Napima."

Akauwasha. Akauzima.

"Mzee mwenzangu," alisema Mwenyekiti, jasho likimtiririka, "mimi sina haraka. Kanuni zetu ziko wazi: kura zihesabiwe, au mmoja wetu akiri kwa barua kwamba ameshindwa. Na barua hiyo mimi siandiki, hata mnifunge kamba!"

"Mwoneni anavyotetemeka!" mtu akapiga kelele, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Kaa chini, utaangukia msumeno!"

Unywele aliomba kalamu na karatasi. Makofi yakalipuka, hotuba ya ushindi hiyo, inaandikwa. Shemeji akapanda juu ya kiti kunyamazisha watu. Mke akamkung'uta mumewe vumbi mabegani, asije akaonekana ovyo siku kama hii.

Mzee aliandika mistari michache kwa mwandiko wa kuremba. Akaisoma kimyakimya, akaongeza nukta iliyosahaulika, akakunja karatasi, akaitia katika bahasha, akailamba na kuifunga.

"Mpelekee Mwenyekiti," alisema, na shemeji akakimbia nayo akicheka.

Unywele akatoa kitambaa mfukoni, akalifuta sanduku pembe moja baada ya nyingine, akalikumbatia.

"Tangulia ukanifungulie mlango, mama watoto," alisema. "Na ukipita pale mbele, mpe Mwenyekiti mkono. Ameshinda."