Mtu wa Kuningoja

Siku hizi boti ya kutembelea haikatiwi bima mpaka umtaje mtu atakayekungoja nchi kavu. Mume wangu kafa, watoto wako ng'ambo, nikamtaja paka. Wakamkataa, eti hana kitambulisho. Basi nikachagua bima yenye mngojaji wa mashine, anayenipigia simu kila saa mpaka niseme nimerudi.

Leo nimefunga kamba gatini Mtwapa tangu adhuhuri, nikabaki nimekaa botini.

"Bi Mwanasiti, umerudi?"

"Bado, mwanangu. Bahari imetulia."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Bibi, naiona boti yako gatini. Ila ukisema umerudi, wananizima."

"Nani kasema nimerudi? Niko mbali, hata nchi kavu siioni," nikamjibu, na miguu nimeiegemeza gatini.