Magoti ya Bi Mize

Taa zimepigwa marufuku, na kila nyumba humulikwa na mzee wake. Mtoto akitimiza siku arobaini hudungwa fuwele magotini. Zikishakomaa uzeeni, kila goti linapolia fuwele hupasuka kidogo na kutoa mwanga wa kijani, unaotosha kupakua sahani moja ya wali.

Saumu alikuwa akipakua. "Mama, chuchumaa tena," alimwambia mkwewe, Bi Mize. "Raya hajapata nyama."

Bi Mize akachuchumaa. Ko! Chumba kikang'aa. Wote wakaona machozi ya kikongwe, na Saumu akaona mnofu mzuri wa kumwekea binti yake.

"Nipake mafuta kidogo, mwanangu. Magoti yananiua."

"Yakipakwa mafuta hayalii, mama, unajua fika. Ngoja tumalize kula."

Chupa ya mafuta ilikuwa pale pale mkekani, lakini Bi Mize hakuthubutu kuigusa. Alijaribu kuinuka, akaanguka, na safari hii hakikulia kitu. Giza likatanda.

"Usitufanyie hivyo, mama, chakula kinapoa!" Saumu alifoka, akapiga goti amwinue.

Ko!

Mwanga ulitoka kwenye goti lake mwenyewe, na maumivu yakampanda hadi kiunoni. Bi Mize alilala macho wazi, hapumui. Lakini Raya hakumtazama bibi yake. Alikuwa akimtazama mama, huku akiiokota ile chupa na kuiweka juu ya kabati.

"Mama," alisema kwa upole, "hebu chuchumaa tena."