Kifundo cha Kidole

Muuguzi aliyealikwa kuijaribu programu mpya aliishika simu, akabonyeza kitufe kwa kifundo cha kidole.

"Hebu ngoja, dada," mkuu wa wabunifu akasema. "Mbona hutumii ncha ya kidole?"

"Mazoea tu. Wodini ncha za glavu zinakuwa na dawa, au damu. Kifundo ndicho kisafi."

Asubuhi ile akili mnemba ilikuwa imewachorea wabunifu kurasa arobaini za programu hiyo, za kuandikia dozi za wagonjwa, kabla hata chai haijapoa. Mkurugenzi alifurahi mno, akauliza mbele ya watu kama wabunifu watano bado walikuwa na kazi. Swali lile lilimkaa mkuu wao rohoni.

Sasa akavuta kiti karibu. Kifundo kilikuwa kipana, ngozi imekauka kwa kunawa kutwa, na kila kilipogusa kioo kiliangukia vitufe viwili kwa pamoja. Dozi ya mtoto ikawa ya mtu mzima.

"Naona nimeharibu," muuguzi akasema kwa aibu.

"Hujaharibu kitu, dada yangu. Sisi ndio hatukujua." Akawageukia wenzake. "Nani kati yetu amewahi kukaa wodini akawatazama wauguzi kazini?"

Hakuna aliyeinua mkono, hata yeye mwenyewe.

Mkurugenzi akachungulia mlangoni. "Vipi, mmeshachagua ukurasa?"

"Bado, bosi." Mkuu wa wabunifu alikuwa ameshasimama, daftari kwapani. "Dada, zamu yako inaanza saa ngapi?"