Njumu Namba Thelathini na Nane

Sheria ya usajili wa watoto ilikuwa na kifungu ambacho wazazi walikizungumzia chini chini: mtoto akifaulu majaribio ya klabu ya mpira, anahamia kwa familia ambayo klabu imemchagulia, na kitanda chake hakiachwi kitupu. Analetwa mwingine.

Ndiyo maana Somoe alimnunulia bintiye Zuhura njumu namba thelathini na nane, wakati mguu wa mtoto ulikuwa thelathini na tatu. Akatia gazeti kidogo kisiginoni zisichomoke.

"Mama, zinanipwaya."

"Utazikulia, mwanangu. We cheza tu."

Siku ya majaribio, uwanjani, Zuhura alijikwaa mara mbili, na Somoe, nyuma ya kamba, akaanza kupumua. Kisha mtoto akaketi chini, akazivua, akazitupa kando. Aliinuka peku, akawapita mabeki watatu, akafunga. Wazazi wengine hawakushangilia. Walimtazama Somoe jinsi watu wanavyomtazama mfiwa.

Basi la klabu lilimchukua Zuhura adhuhuri ile ile. Alasiri, Somoe akiwa bado ameshika zile njumu, hodi ikapigwa. Mlangoni alisimama msichana wa miaka kama kumi, begi mgongoni, macho yamevimba.

"Shikamoo. Naitwa Asumini. Nimeambiwa nikuite mama."

Somoe aliinama amvue begi. Hapo akaiona miguu ya mtoto: njumu kubwa kupita kiasi, na gazeti, lililokunjwa vizuri na mkono wa mama mwingine, likichungulia kisiginoni.